Shilingi 1,420 kwa Kila Kichwa

Abiria wazoefu wa njia ya Lodwar utawajua hapo hapo stendi ya Kitale: baridi yote ile ya alfajiri, na wao wamevaa shati la mikono mifupi. Mimi nilikuwa na koti. Mashamba ya mahindi yalitusindikiza hadi Makutano, ukungu ukiwa bado umelalia mapaa ya mabati, kisha barabara ikaanza kuteremka kwa kujipinda kupitia Ortum, milima ya Cherang'any ikiwa mkono wa kulia. Tulipovuka pengo la Marich joto likaingia dirishani kwa mkupuo mmoja, na koti likaenda chini ya kiti.

Nilikuwa nakwenda Turkana kwa mara ya kwanza. Kazi ya kuandika habari za elimu ilikuwa imenizungusha Mombasa, Kwale, Kilifi na Nairobi, lakini kaskazini ya Kitale sikuwahi kufika, nami nilitaka kuiona shule moja ya msingi ya serikali iliyo upande wa Loima, magharibi ya Lodwar. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu wa Gredi ya Nne, mtu wa Bungoma aliyesoma chuo kimoja na binamu yangu. Tulikutana stendi, naye amepakata katoni ya madaftari na chaki ambayo hakutaka hata utingo aiguse.

“Lodwar vitu hivi vipo, ndugu yangu,” akaniambia, “lakini Kitale bei ni nafuu. Ukinunulia huku unaokoa kumi hapa, kumi pale.”

Katoni ile ilinunuliwa kwa pesa ambazo walimu wa Kenya huziita kapitesheni, yaani mgao ambao Serikali Kuu hupelekea shule kwa kila mtoto aliyesajiliwa. Mgao huo ulianza mwaka 2003, Rais Mwai Kibaki alipofuta karo ya shule za msingi. Wakati huo ulikuwa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 ziliingia katika akaunti ya vifaa vya kusomea, ambayo walimu waliizoea kwa jina la Simba, na 370 katika akaunti ya matumizi ya jumla, ya kulipa bawabu, kurekebisha madawati, maji na mambo kama hayo. Watoto walifurika. Mwaka 2002 walikuwa kama milioni 5.9, mwaka uliofuata wakawa milioni 7.2 hivi. Januari 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akavaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret. Baadaye mgao ukapandishwa hadi 1,420, na hapo ukakaa miaka nenda miaka rudi huku bei ya kila kitu ikipanda.

Chukua hizo 1,420 uzigawanye kwa siku za masomo za mwaka mzima. Hazifiki shilingi 8 kwa siku. Andazi nililonunua stendi lilikuwa shilingi 10. Mtoto huyo huyo akifika Gredi ya Saba, mgao wake unahesabiwa kuwa 15,042, na akiingia sekondari ya juu unapita 22,000. Najua maabara ni ghali na mwalimu wa fizikia hapatikani kwa bei ya chaki. Lakini nilipomuuliza mwenyeji wangu ni wapi hasa watoto wake wanapotelea, hakusitasita: Gredi ya Pili, ya Tatu. Hiyo pesa nyingi inawasubiri mahali ambapo wengi wao hawatafika.

Kapenguria tulikwishaipita, mji ambamo Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa mwaka 1952. Baada ya hukumu walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana, na baadaye Kenyatta akawekwa kizuizini hapo Lodwar. Kwa serikali ya kikoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, pa kuwatupia watu usiotaka wasikike. Jambo la kushangaza ni kwamba uhuru haukubadili sana hesabu hiyo. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965 ulisema waziwazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, faida isambae kwingine baadaye. Mtu wa Kitale alisoma waraka huo akaona mantiki. Mtu wa Lodwar bado anaingoja hiyo baadaye.

Hata hivyo ni huku huku kwenye ukame ndiko karo ilikofutwa kwanza. Mwaka 1971, akiwa Rais, Kenyatta aliamuru watoto wa Turkana, Marsabit, Isiolo, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Lamu na mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki wasome bila karo. Mwishoni mwa 1973 amri ikapanuliwa kwa madarasa manne ya mwanzo nchi nzima. Shule zikajaa, fedha za kujengea madarasa hazikuwepo, na kamati za shule zikaanza kuwatoza wazazi “pesa za ujenzi”, ambazo mahali pengi zilizidi karo yenyewe iliyofutwa. Kilichoondoka kwa mlango kikarudi kwa dirisha. Nililisimulia hili kwenye basi kwa sauti, abiria wa kiti cha mbele akageuka akasema, “Na sasa pesa hizo wanaziita motisha.” Basi lote lililosikia likacheka.

Lokichar tulisimama kunywa chai. Mafuta yaligunduliwa karibu na hapo mwaka 2012, na kila mtu ana lake la kusema juu ya mafuta hayo, ila mimi nilikuwa na safari nyingine.

Asubuhi iliyofuata tulitoka Lodwar kwa bodaboda mbili, moja ya watu na moja ya katoni. Tulikata laga, mto wa msimu uliokuwa umekauka, mchanga mweupe ukimeza gurudumu, tukapenya kwenye vichaka vya mathenge ambavyo miiba yake ni misumari kwa matairi. Shule ilijionyesha kwa mbali kwa mapaa yake ya bati na kwa tangi jeusi la maji lililokuwa, kama nilivyoambiwa baadaye, tupu. Watoto nao walikuwa wakija kutoka kila upande, wengi bila viatu au na kandambili za tairi. Kila mmoja alikuwa na sahani yake au mkebe, na wengi walibeba kipande cha kuni. Wakubwa walikuwa na mtungi mdogo wa maji, yale ya kisima cha kuchimba kwa mkono lagani. Vitabu sikuviona mikononi mwao. Vitabu hulala shuleni.

Kwa vitabu, serikali ipewe haki yake. Zamani pesa zilikuja shuleni, shule ikanunua, na katikati hapo wajanja walikuwa wengi. Tangu 2018 wachapishaji wanalipwa moja kwa moja na vitabu vinaletwa hadi mlangoni pa shule, lengo likiwa kila mtoto awe na chake katika masomo makuu. Kwenye darasa la Gredi ya Nne niliona jambo ambalo shule niliyosomea mimi Mombasa haikuwa nalo: dawati la watoto wanne na vitabu vinne vya Kiswahili. Walisoma hadithi ya mtoto aliyepanda lifti. Mwalimu alisimama akachora lifti ubaoni, kamba juu na chumba chini, na msichana wa nyuma akauliza kama mbuzi anaruhusiwa kuingia. Sanduku la vishikwambi vya ule mradi wa kompyuta kwa darasa la kwanza liko ofisini, limefungwa kwa kufuli. Umeme wa jua uliharibika.

Kufikia saa nne harufu ya maharagwe ilikuwa imefika madarasani, na nakuambia mwalimu hana uwezo wa kushindana na harufu ile. Jikoni ni kibanda cha mabati chenye majiko matatu ya mawe. Mama mpishi, mzazi wa watoto watatu wa shule hiyo, alikuwa akikoroga sufuria kwa mwiko mrefu kuliko yeye. Mwalimu wa zamu alikuja na karatasi ya mahudhurio. Hapimi kwa macho. Kila mtoto aliyepo ana gramu 150 za mahindi, gramu 40 za maharagwe, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Unazidisha kwa waliopo, unatoa ghalani, unaandika kwenye daftari, wanatia sahihi watu wawili. Siku hiyo chumvi ilikuwa imekwisha. Mwalimu wa zamu alituma mtoto dukani na pesa zake mwenyewe.

Chakula hiki kina historia yake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kulisha watoto wa shule za Kenya mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wake, na kidogo kidogo ikachukua eneo moja baada ya jingine mpaka mwaka 2018 WFP ilipokabidhi shule za mwisho. Wapo wanaouona mpango huu kama hisani iliyochomekwa pembeni ya elimu. Nilikaa na daftari la mahudhurio la muhula mzima, nikaona siku ghala lilipokuwa tupu na siku lilipojaa. Hakuna haja ya mtafiti. Ukifunika majina ukaacha tiki tu, utaweza kuonyesha kwa kidole siku lori lilipofika.

Saa saba walipanga foleni. Msichana mmoja wa Gredi ya Tatu, nywele zimenyolewa pembeni, alipokea githeri yake, yaani hayo mahindi na maharagwe, kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi. Akala upande mmoja kwa mpango, punje baada ya punje, akauacha upande wa pili kama ulivyo. Kisha akatoa mkebe wa siagi ndani ya sweta lililotatuka, akaitia ile nusu, akafunika. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Kanuni inasema chakula kiliwe shuleni. Mwalimu akageuka, akaanza kuwafokea wavulana waliokuwa hawajafanya kosa lolote.

Nusu ile haikuwa ya mama yake, kama nilivyodhani. Ilikuwa ya mdogo wake wa miaka minne, aliyekuwa ameketi hapo hapo kwenye ua wa shule, chini ya mgunga, mbele ya mlango wa chekechea. Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho katika karatasi za Nairobi kinasomeka kama maelezo ya kiutawala tu. Kwa Katiba ya 2010, chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti, na shule ya msingi ni kazi ya Serikali Kuu. Ua ni mmoja, bendera moja, choo kimoja, na serikali mbili zenye maghala mawili. Uji wa kaunti ulikuwa umekwisha wiki ile; mahindi ya Serikali Kuu yalikuwepo. Kwa daftari, mtoto wa miaka minne hakuwa na haki ya punje hata moja ya ghala lile la pili. Muhula uliotangulia, nikaambiwa, ilikuwa kinyume: wadogo wanakunywa uji, wakubwa wanawatazama. Dada na mdogo wake wamepata njia yao ya kuziunganisha serikali hizo mbili, kwa mkebe wa siagi.

Mwalimu mkuu, mtu wa hapo hapo Turkana, alinipokea ofisini jioni kidogo joto lilipopungua. Ukutani ana chati mbili. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: wavulana, wasichana, jumla, kila gredi. Ya pili imechapishwa kwa kompyuta, nayo jumla yake ni ndogo. Tofauti ni watoto zaidi ya 60.

“Hawa wa ukuta huu wanakula, wanasoma, wanachapwa na jua,” akasema. “Hawa wa ukuta ule ndio wanaolipiwa.”

Wakati ule shule zilitumia mfumo wa NEMIS wa kuandikisha wanafunzi, na ili mtoto aingie humo apewe namba yake, alihitaji cheti cha kuzaliwa. Nia ilikuwa nzuri: kuzuia wanafunzi hewa, wale wa karatasini tu ambao pesa zao huliwa na watu wazima. Lakini mfumo uliotengenezwa kumkamata mtoto asiyekuwepo ukamfuta na yule aliyepo. Mama aliyejifungulia kwenye boma, mifugo ikiwa njiani kuelekea mpaka wa Uganda kutafuta malisho, hakuondoka hapo na karatasi ya hospitali. Miaka minane baadaye alitakiwa apate barua ya chifu, kadi ya kliniki kama anayo, kitambulisho chake mwenyewe kama anacho, kisha afike Lodwar. Bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 800 kutoka pale, na mara nyingi safari moja haitoshi. Safari mbili ni 1,600. Mzazi, ambaye hata hana shilingi hizo, atumie 1,600 ili serikali itume 1,420.

Watoto 60 mara 1,420 ni shilingi 85,200 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya bawabu, ya tangi na ya mwalimu wa BOM, yaani bodi ya shule, yule anayelipwa na shule yenyewe kwa sababu walioajiriwa na serikali hawatoshi. Walioajiriwa wanapata posho ya mazingira magumu, na bado wengi huomba uhamisho. Mwenyeji wangu wa Bungoma hakuficha kwamba na barua yake iko njiani.

Nilimuuliza mwalimu mkuu, kama ningekuwa Waziri kwa dakika tano, angeniomba nini. Nilitarajia walimu. Akasema maji. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, iende kwa maeneo yaliyoachwa nyuma kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme. Shule hazikutajwa katika orodha hiyo. “Si lazima zitajwe,” akasema. “Nipe bomba moja. Mtoto anayetembea na mtungi wa kilo tano anafika amechoka kabla ya somo la kwanza.”

Hapo ndipo lilipo tatizo la kapitesheni kwa maoni yangu. Shilingi 1,420 za mtoto wa Westlands na 1,420 za mtoto wa Loima ni sawa mpaka senti ya mwisho, na usawa huo unasomeka vizuri bungeni. Huyu wa Nairobi anakuta maji kwenye bomba, taa kwenye dari, daftari dukani ng'ambo ya barabara. Huyu wa pili, katika hizo hizo 1,420, anatakiwa kulipia umbali wa kila kitu. Utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16 ulikuta watu 79.4 kati ya kila 100 Turkana wanaishi katika umaskini, wakati wastani wa nchi ulikuwa 36.1. Serikali iliyokusanya takwimu hizo ndiyo hiyo hiyo inayopiga mgao kwa kipimo kimoja. Zipo ruzuku za shule za bweni za gharama nafuu, na tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 lipo baraza maalumu la elimu ya wafugaji wanaohamahama, NACONEK. Hizo ni hatua za kweli. Ila mgao wenyewe, ule unaofika kila shule, haujui Loima iko wapi.

Tulitembelea boma moja siku ya mapumziko. Mzee mwenye mji, babu wa wanafunzi wawili, alitukaribisha kivulini akamweleza mwenyeji wangu, naye akanitafsiria. Ana wajukuu wengi. Wawili wako shule, wengine wako na mbuzi. Nikamuuliza anachaguaje. Akanitazama kwa huruma kidogo. Mvua ikiwa nzuri, akasema, mbuzi ni wengi, wachungaji wanatakiwa wengi, shule inapata wachache. Kiangazi kikikaza mbuzi wanakufa, hakuna cha kuchunga, na shuleni kuna githeri, basi anapeleka wengi. Kwa hiyo shule hujaa mwaka wa njaa na hupungua mwaka wa shibe. Mwalimu mkuu anapanga madawati kwa mvua. Mpangaji wa bajeti, aliyechukua idadi ya Februari, hana habari.

“Na hawa wawili walioko shule mvua ikinyesha?” nikauliza.

“Hao wamekwisha kujua kusoma,” mzee akasema. “Watanisomea ujumbe wa simu wa bei ya mbuzi. Siwatoi.”

Siku ya kuondoka nilirudi Lodwar pamoja na mwalimu mkuu. Alikuwa amekodi gari dogo la mizigo, kwa pesa za akaunti gani sikuuliza, na nyuma walipanda akina mama saba na watoto wao, pamoja na chifu. Chifu ndiye aliyekuwa mwerevu wa mpango mzima: kwa kuwa barua zake ndizo hurudisha watu nyumbani, aliamua aende yeye mwenyewe na muhuri mfukoni. Kila fomu iliyokuwa na pengo aliijaza pale pale, kwenye goti lake, akapiga muhuri. Mama mmoja hakuwa na kitambulisho, huyo alikwama. Sita walipokewa fomu zao wakaambiwa wasubiri kupigiwa simu, na wawili kati ya sita hawakuwa na simu, basi mwalimu mkuu akaandikisha namba yake.

Nikampongeza kwamba sasa chati mbili za ukutani zimekaribiana. Akatikisa kichwa. Fomu si cheti, akasema, na hatabadilisha hesabu mpaka vyeti vitoke. Alikuwa anatazama saa. Duka la jumla hufungwa mapema siku hiyo, na alitaka mfuko mzima wa chumvi, kilo 20, ili mwalimu wa zamu aache kutoa pesa zake.